Maswali ya Wasomaji: Maji Meupe Si Lazima Yawe Salama

SWALI: Ndugu Mhariri, kabla bomba halijafika kwetu Kimara, Dar es Salaam, tulikuwa tukinunua maji ya madumu na mara nyingine ya boza, na hakuna aliyethubutu kumwaga maji yaliyooshewa mboga kabla hayajatumika chooni. Watoto wangu wawili wa mwisho hawakuyaona hayo, na sasa wanapiga mswaki huku bomba likimwaga. Niwaelezeje ili wathamini maji? Pia naomba utuamulie: mume wangu anasema maji ya bomba yametiwa dawa na hayana haja ya kuchemshwa, lakini mama mkwe wangu hayagusi mpaka yachemke. Nani mkweli?
*Mama wa watoto wanne, Kimara*

JIBU: Tuanze na la mwisho, kwa kuwa ndilo linalogusa afya. Wote wawili wana hoja, ila mume wako anazungumzia maji yanapotoka mtamboni, na mama mkwe wako anazungumzia maji yaliyomo kikombeni.

Maji yenu huanzia milima ya Uluguru, hushuka na Mto Ruvu, na husafishwa katika mtambo wa Ruvu Juu ulioko Mlandizi, mkoani Pwani. Pale tope hugandishwa kwa dawa hadi likatuama, kisha maji huchujwa kwenye mchanga na kutiwa klorini ya kuua vijidudu. Hadi hapo mume wako yuko sahihi. Lakini klorini hupungua nguvu kadiri maji yanavyokaa njiani na katika tangi la nyumbani, hasa tangi lisilooshwa. Tena, maji yanapokatika, msukumo ndani ya bomba hushuka, na bomba lenye ufa lililopita kwenye mtaro au karibu na shimo la choo huweza kuvuta uchafu wa nje. Kwa hiyo kila maji yanaporudi baada ya mgawo, ya mwanzo yatumieni kudekia, na ya kunywa yachemsheni. Yakishatokota kwa mapovu makubwa, dakika moja inatosha. Wanaoyaacha jikoni robo saa nzima wanateketeza mkaa bure. Yaacheni yapoe katika sufuria ileile ikiwa imefunikwa.

Kuna hatua ambayo hakuna kati yao aliyeitaja, nayo kwa maoni yangu ndiyo inayoharibu kazi ya mtambo na ya jiko kwa pamoja: mkono unaoingia kwenye ndoo. Maji yaliyochemshwa vizuri huchafuka kwa kikombe kimoja kilichochovywa na mtoto aliyetoka chooni bila kunawa. Wekeni maji ya kunywa katika chombo chenye mfuniko na koki, au chenye mdomo mwembamba ambao mkono haupiti. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea katika sehemu kubwa ya nchi kilipita njia hizohizo za maji, chakula na mikono.

Ama kuhusu watoto, sishauri uwahubirie. Wapeleke kwenye dira ya maji, uwafundishe kuisoma, na umkabidhi mkubwa kati yao kazi ya kuandika namba kila Jumamosi. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Chukueni ankara, mgawanye bei ya uniti kwa 50 ili mpate gharama ya ndoo moja, kisha uwaambie mlikuwa mkinunua dumu kwa shilingi ngapi. Halafu weka ndoo chini ya bomba wakati mmoja wao anapiga mswaki kama alivyozoea, na akimaliza umwambie aibebe hadi chooni, kwa sababu ndoo ya lita 20 iliyojaa ina uzito wa kilo 20 ukiacha ndoo yenyewe. Waeleze pia kwamba mwezi Oktoba 2022 mgawo ulitangazwa jijini kwa sababu kina cha Ruvu kilishuka mno. Bomba huleta kile ambacho mto unacho, wala halizidishi.

SWALI: Kisima chetu huku Arumeru kina maji meupe kabisa, na tunayachemsha kila siku, lakini meno ya watoto yana madoa ya kahawia. Je, tuyachemshe kwa muda mrefu zaidi?
*Baba wa Usa River*

JIBU: Hapana, Baba, msiyachemshe zaidi. Kinachofanya meno yawe hivyo ni madini ya floridi, ambayo maji huyapata yanapopita kwenye miamba ya volkano iliyozunguka Mlima Meru na Kilimanjaro. Moto huua vijidudu lakini haugusi madini. Maji yanapopungua sufuriani kwa mvuke, floridi inabaki ileile katika maji machache, kwa hiyo kuchemsha kwa muda mrefu huongeza ukali wake. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya ukanda wenu huvuka kiwango hicho mara kadhaa.

Meno ya kudumu huumbika ndani ya fizi katika miaka ya utotoni, hivyo aliye hatarini zaidi ni mdogo ambaye meno yake bado hayajaota. Aliyekwisha kupata madoa hatayaondoa kwa kubadili maji, lakini mifupa yake bado inahitaji kulindwa, kwa kuwa floridi nyingi kwa miaka mingi huweza kupinda miguu. Pelekeni sampuli ikapimwe kupitia ofisi ya maji ya wilaya. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilichoko wilayani kwenu, kimefanya kazi kwa miaka mingi kuhusu vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floridi, kaulizeni huko. Wakati mnasubiri, kingeni maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia, kwani karibu hayana floridi, kisha yachemsheni kwa sababu ya uchafu wa bati. Na magadi mnayotia kwenye maharage yapunguzeni, maana baadhi yake yana floridi nyingi kuliko kisima chenyewe.

SWALI: Kijana mmoja msikitini kwetu, Unguja, hufungua koki mpaka mwisho anapotawadha. Nikimkataza hunijibu kwamba maji ya ibada hayahesabiwi.
*Mzee wa Kikwajuni*

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Mkumbushe kwamba imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, ambacho hakifiki lita moja. Asipokubali, muombeni imamu aweke birika na kopo pembeni ya mabomba, ajaribu mwenyewe kutawadha kwa kopo moja.