Dereva wa Kulipwa: Jibu Langu kwa Kijana wa Louisville

Ujumbe uliingia saa nane usiku. Tulikuwa tunarudi Charlotte kutoka Bristol, Tennessee. Mafundi wawili walikuwa wamelala kiti cha nyuma, na mimi nimeegemea dirisha, suti yangu ya mbio iko miguuni inanuka mpira ulioungua. Usiku ule nilikuwa nimemaliza wa 9 katika mbio za ARCA, daraja lililo chini ya ligi tatu za taifa za NASCAR, chama kikubwa cha mbio za magari Marekani. Wa 9! Na gari lilirudi bila mkwaruzo hata mmoja ubavu wa kulia. Anayeujua uwanja wa Bristol, jinsi magari yanavyobanana na ukuta ulivyo upande wa kulia, ataelewa kwa nini nalitaja hilo.

Ujumbe wenyewe ulikuwa huu: "Yaya, niko na miaka 15, niko nafanya karting huku Louisville. Tulitoka Goma. Papa anasema makuta ya kuendelea hakuna. Nifanye nini ili nifike fasi uko?"

Kwa Kiswahili cha Goma, Kongo, "yaya" ni ndugu mkubwa, "Papa" ni baba, "makuta" ni pesa, na "fasi uko" ni mahali ulipo. Nilimwambia nitamwandikia kwa kirefu, na siku kumi zimepita. Mdogo wangu, nimechelewa kwa sababu swali lako lilinigusa penye kidonda. Wiki ile ya Bristol ndiyo wiki niliyolipwa kuendesha gari kwa mara ya kwanza maishani. Nina miaka 24. Nilianza nikiwa na 11. Kwa miaka yote hiyo waliokuwa wanalipa ni Baba na Mama. Sasa nakujibu wewe, na nawajibu wengine wote wanaosoma hapa huku wakiota kusikia jina lao likitangazwa Daytona, Florida, kwenye mbio kubwa kuliko zote za NASCAR, maana najua mko wengi.

Sisi ni watu wa Tanga. Tulihamia North Carolina nikiwa mdogo. Baba anaendesha lori la masafa marefu, Mama anauguza wazee zamu ya usiku. Hakuna hata mmoja katika ukoo wetu aliyewahi kushindana kwa gari. Lakini ukikulia karibu na Charlotte, mbio ni kama bahari kwa mtoto wa Tanga, utazisikia tu hata usipoziona. Baba alininunulia karti kuukuu, kigari kidogo cha mbio kisicho na paa, kwa dola 1,800 kutoka kwa mzee mmoja wa Mooresville, na mwezi ule alichukua safari mbili za ziada za California ili hesabu ya nyumbani isivunjike. Sikujua. Niliambiwa nikiwa na miaka 20.

Karti haina springi wala difrensha. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja na magurudumu yake mawili yanazunguka pamoja, kwa hiyo ili ikate kona vizuri, gurudumu la ndani la nyuma lazima lijinyanyue kidogo. Ukiuvuta usukani kwa fujo, karti inaserereka na mwendo wote unakufia palepale. Mikono ikiwa mitulivu, inapita kona kama maji kwenye mfereji. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba mwendo hautoki kwenye hasira. Miaka mitatu ya karti sitaisimulia zaidi ya hapo. Ilikuwa baridi, mikate ya siagi, na homuweki zilizofanywa kwenye pikapu.

Nikiwa na 14 tukahamia magari ya Legends. Haya yanatengenezwa hapa hapa Harrisburg, North Carolina: umbo la magari ya miaka ya 1930 na 1940 lililopunguzwa hadi tano kwa nane ya ukubwa halisi, na ndani yake injini ya pikipiki ya Yamaha. Ni mafupi, yana nguvu kuliko ukubwa wake, na mkia unachomoka kabla hujapepesa jicho. Kila kiangazi yanashindana kwenye njia ya robo maili ndani ya uwanja mkubwa wa Charlotte Motor Speedway. Bubba Wallace, dereva wa NASCAR, alipita njia hii ya Legends. William Byron alianza kwa kuendesha kwenye kompyuta nyumbani, akaja kwenye Legends, na ndiye aliyekuja kutwaa Daytona 500 mwaka 2024 na tena 2025. Nilikuwa nikiyaona majina yale nahisi mlango uko wazi.

Nikashinda. Jumanne moja usiku nikaongoza raundi zote za mwisho, Mama akiwa jukwaani na kanga begani juu ya sare yake ya kazi. Siwezi kukwambia nilivyojisikia. Wiki iliyofuata nikataka kushinda tena, safari hii kwenye raundi ya kwanza. Nikajipenyeza ndani kwenye kona ya tatu mahali ambapo nafasi haikuwepo, nikaupiga ukuta, na nikayaharibu magari mawili ya watoto wengine. Baba hakusema neno. Tulipofika nyumbani Mama akanitilia chai, akasema, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni." Tangu utoto nilikuwa nausikia msemo huo bila kuujali. Usiku ule niliuona ukingo wenyewe, una rangi nyeupe, na rangi ya gari langu imebaki juu yake.

Gari lile lilikaa wiki sita bila kukimbia. Hatukuwa na hela ya vipuri. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na nitaurudia mpaka uuchoke, ni huu: rudisha gari zima nyumbani. Gari lililomaliza wa 7 litakimbia tena Jumamosi ijayo. Lililoongoza raundi mbili likakunjika litakaa kwenye gereji, na wewe utakaa nalo.

Nikiwa na 17 mzee mmoja mwenye gereji ndogo aliniona kwenye Legends akaniita. Alikuwa na gari la zamani la Late Model, aina ya gari la mbio za viwanja vifupi. Alisema nikilifanyia kazi jioni baada ya shule atanipa nikaliendeshe Hickory. Hickory Motor Speedway uko tangu 1951, njia yake haifiki hata mita 600, na lami yake nzee inatafuna tairi kama mbuzi anavyotafuna maganda. Hapo ndipo nilipofundishwa udereva.

Acha nieleze, maana wengi wanaotoka kwenye karti wanakwama hapa. Gari la stoku, yaani la mbio lenye umbo la gari la kawaida, la viwanja vifupi halikusawazishwa. Tairi za kulia ni kubwa kidogo kuliko za kushoto, ndiyo maana ukiachia usukani linaelekea kushoto lenyewe. Uzito nao umegawanywa kwa mshazari, na fundi akizungusha boliti ya springi moja ya nyuma nusu mzunguko tu, unapata gari jingine. Kazi ya dereva ni kumwambia fundi ukweli. Je, pua haiingii kona, au mkia ndio unataka kutangulia? Inatokea unapokanyaga breki, katikati ya kona, au unapotia mafuta kutoka? Mimi miezi ya kwanza nilikuwa naingia gereji nasema "gari baya". Mzee ananitazama tu, halafu anarudi kwenye kahawa yake.

Na tairi. Usiku wa mbio unapewa idadi ndogo ya tairi, huruhusiwi kubadilisha utakavyo. Raundi 20 za mwanzo nilikuwa napita watu kama wamesimama. Raundi ya 60 wale wale wananipita mimi, tairi yangu ya nyuma ya kulia imekwisha, nabaki nacheza na usukani. Hilo lilitokea Jumamosi nne mfululizo. Ya tano mzee akaniambia redioni kabla ya bendera ya kijani ya kuanza, "Leo sitaki kujua una kasi gani. Nirudishie tairi zangu." Nikaendesha nikiwa na aibu, nanyanyua mguu mapema kabla ya kona, naacha gari litiririke, watu watano wakanipita. Ikafika raundi ya 70. Sikuongeza kitu chochote, wao ndio waliorudi nyuma mmoja baada ya mwingine. Nikamaliza wa 2. Nilishuka garini nikalia, na sikuwa nalia kwa sababu ya nafasi ya pili.

Sasa sehemu ngumu.

Nikiwa na 19 timu moja kubwa iliniita kujaribiwa. Nilifanya vizuri, na hilo nimelisikia kwa watu watatu tofauti waliokuwepo. Nikaahidiwa mbio sita za ARCA. Kwanza waliuliza kama familia inaweza kuleta dola 60,000 kwa kila mbio, Baba akasema hatuna, wakasema basi watatafuta mdhamini. Nilisubiri majira yote ya baridi. Mwezi wa pili nikafungua simu asubuhi nikaona picha ya kijana mwingine amekaa kwenye gari nililolijaribu, jina lake limeandikwa juu ya mlango, na jina la kampuni ya baba yake kwenye boneti. Mpaka leo hakuna aliyenipigia kuniambia. Nimewaona mara nyingi viwanjani tangu siku ile, tunapeana mikono. Nimesamehe, nadhani, lakini kila nikipita karibu na trela lao tumbo linanikaza.

Wakati ule nilisoma habari za Wendell Scott wa Danville, Virginia. Alikuwa dereva wa teksi, akawa fundi jeshini wakati wa Vita vya Pili, na gari lake la mbio alilitengeneza mwenyewe na wanawe. Tarehe 1 Desemba 1963, pale Jacksonville, Florida, alishinda, mtu mweusi wa kwanza kushinda katika ligi ya juu ya NASCAR. Kombe akapewa mzungu, Buck Baker. Saa kadhaa baadaye, watu wameshaondoka, ndipo waliokuwa wakihesabu walipokiri kwamba Scott alikuwa ametangulia kwa raundi mbili. Alifariki 1990 bila kukabidhiwa kombe lake. Familia yake ililipata 2021. Nilipomaliza kusoma nilirudi gereji kufagia, nikiwa na nguvu kidogo zaidi.

Maana ndiyo kazi niliyoipata: fundi wa tairi katika timu ya watu wengine. Miaka mitatu napima joto la tairi katika sehemu tatu, ndani, katikati, nje, naandika kwenye daftari, naona jinsi kila dereva anavyozimaliza. Jumamosi nikipata nafasi naendesha Hickory au uwanja wa South Boston, Virginia, kwa yule mzee. Usiku nafanya mazoezi kwenye simuleta ya kuungaunga, usukani na kompyuta ya kuigiza mbio, chumbani kwangu. Usiidharau simuleta, mdogo wangu. Rajah Caruth alianzia huko, hakuwa ametokea kwenye familia ya mbio, na tarehe 1 Machi 2024 alishinda mbio za pikapu za NASCAR, Las Vegas. Kama lugha inakutisha, mtazame Daniel Suárez wa Monterrey, Mexico. Alitoka kwenye karti, akaja Marekani Kiingereza hakipandi, akawa bingwa wa daraja la pili la NASCAR mwaka 2016, na Juni 2022 akashinda Sonoma, California, katika ligi ya juu kabisa. Kiingereza chako cha Louisville tayari ni kizuri kuliko alichoanza nacho.

Dereva wa timu niliyokuwa nafanyia kazi aliugua mwaka huu. Mwenye timu akatafuta mtu anayelijua gari, asiyehitaji kufundishwa, na ambaye hatalirudisha kwa vipande. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake na geji ya upepo mkononi.

Bristol ni zege tupu, kona zake zimeinama kama bakuli, na raundi moja inachukua kama sekunde 16. Huna mahali pa kupumua. Spota wangu, mtu anayenitazamia magari ya jirani, alikuwa akinisemesha muda wote kwa redio kutoka juu ya jukwaa: "Ndani, bado ndani, umemaliza," yaani gari liko upande wako wa ndani, bado lipo, sasa umelipita. Tulipoanza nilikuwa wa 18. Raundi 50 za kwanza nilikaa pale pale, na najua kuna waliosema kijana wa tairi ameogopa. Halafu tairi zao zikaanza kuisha. Nilikuwa nawaona kutoka nyuma, naona mkia wa gari la mbele unavyotikisika kila likitoka kona ya nne, najua tairi ile ya kulia ina hali gani kama vile nimeishika. Nikawapita mmoja mmoja bila kugusana na mtu. Mwenye timu alipokuja kwenye gari hakuniangalia usoni. Alizunguka upande wa kulia, akapitisha kiganja ubavuni kuanzia bawa la mbele mpaka la nyuma, ndipo akaniambia jioni ya Ijumaa nipite ofisini kuchukua hundi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usimlazimishe Papa auze kitu. Mimi nimebeba deni la safari mbili za California, na halilipiki. Tafuta gereji. Ingia, salimia wakubwa, fagia, shika spana, andika kila kitu kwenye daftari. Usilie ukinyimwa nafasi, au lia, kisha kesho yake urudi. Wenye hela watakaa kwenye gari kabla yako, na utaumia. Wewe jifunze gari. Jifunze tairi. Rudisha gari zima nyumbani, hata karti, hata la kukodi. Wanaotutangulia kwa pesa wengi hawajui tairi inakufaje, na siku mwenye gari atakapochoka kununua vipuri atageuka kumtafuta anayejua.

Jumamosi ijayo sina mbio za ARCA, nitakuwa Hickory na yule mzee na Late Model yake. Kutoka Louisville ni kama saa saba kwa gari. Nimekuandikia namba yangu kwenye ujumbe wa faragha, mpe Papa anipigie mchana, nataka kumwamkia kwanza kabla hatujazungumza habari za mbio. Milango ya mafundi inafunguliwa mapema, njoo na viatu vilivyofunika vidole. Tutaanza na tairi nne za kuosha na kupima.