Sireni ikilia Essence, kamyo ikishuka Ngomo

*Mimi ni motari, nabeba abiria kwa pikipiki, nasimama Nyawera hapa Bukavu. Ambulansi ikilia nyuma yangu na barabara imejaa, niende wapi?*

Kulia, kaka. Bana ukingo, simama, ipite. Kodi yetu ya barabara (code de la route), ile Sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inatutaka sote tuipishe. Usikimbie mbele yake, na ikishapita usiifuate mgongoni. Hapo ndipo wamotari mnaponiumiza. Nilimsindikiza shangazi yangu kwa ambulansi toka Kadutu kwenda hospitali ya Panzi; pale mahali panapoitwa Essence magari yalijibana, ukapatikana upenyo, pikipiki zikauziba kabla yetu. Mimi nimeinua chupa ya serumu, mkono unatetemeka, naangalia matone tu.

*Na jeep ya mkubwa yenye sireni?*

Ipishe. Kama kweli ana dharura au hana, huwezi kulipima jambo hilo ukiwa nyuma ya usukani.

*Naendesha Fuso, nabeba sementi toka Bukavu hadi Uvira. Wenzangu wanashuka mteremko wa Ngomo wametoa vitesi (gia) ili kuokoa mazutu (dizeli). Mimi naogopa. Nakosea?*

Hukosei, ndugu yangu, endelea kuogopa. Gari isiyo na vitesi haishikwi na motere, mzigo wote unaangukia freni. Zikipata moto sana, zinakanyagwa lakini hazishiki. Anayezima motere kabisa anajiharibia zaidi: usukani unakuwa mzito, na msaada wa freni unakwisha baada ya kukanyaga mara chache.

Ingiza vitesi ndogo *kabla* ya mteremko kuanza, ile ile ambayo ungepandia ukiwa na mzigo huo. Ukingoja katikati, inaweza kukataa kuingia, ukabaki huna kitu. Toa mguu kwenye mafuta, acha motere ivute nyuma. Mwendo ukizidi, kanyaga freni kwa nguvu hadi upungue, kisha achia; usiulaze mguu pale juu. Ukisikia harufu ya freni kuungua, tafuta mahali tambarare usimame, weka mawe kwenye magurudumu, ungoje zipoe zenyewe. Maji ya baridi kwenye ngoma yenye moto yanaweza kuipasua. Halafu fikiria ambulansi inapanda toka Kamanyola na mama mwenye uchungu: kamyo isiyoshikika itaipisha vipi?

*Freni ya motere haiharibu motere?*

Haiharibu. Kinachoharibu ni kushusha vitesi mbili kwa mpigo ukiwa na mwendo mkali.

*Gari yangu ni otomatiki, usukani uko kulia. Nashukaje toka Kadutu?*

Mama, vuta mkono wa vitesi hadi 2 au L kabla hujaanza kushuka. Na kwa kuwa umekaa upande wa mtaro, ambulansi itakupita ule upande ulio mbali nawe. Ukisikia sireni, angalia kwanza kioo cha kushoto, ndipo usogee.