Kwa wanaoanza kazi ya kuhudumia arosto, yaani maumivu ya mraibu anapoacha dawa za kulevya au pombe

Mgonjwa akifika, muulize ametumia nini na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Andika saa; "jana" haitoshi.

Wahudumu wapya huiogopa sana arosto ya heroini, na siwalaumu. Mgonjwa anatapika, anaharisha, machozi na makamasi yanamtoka, anapiga kelele kwamba anakufa. Huanza saa 8 hadi 12 tangu alipotumia, hukolea siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua ndani ya wiki. Ukimzuia asiishiwe maji, ni nadra kumuua mtu mzima asiye na maradhi mengine. Mjamzito usimkatishe ghafla. Huyo ni wa kuanzishiwa methadoni, dawa inayotumika badala ya heroini.

Mimi namwogopa zaidi mzee mpole aliyeletwa na mwanawe kutoka Chamwino, ambaye amekunywa gongo kila siku kwa miaka na juzi akaamua kuacha. Anatetemeka mikono, jasho linamtoka, lakini anakusalimia vizuri, basi anaachwa kwenye benchi. Degedege linaweza kumpata ndani ya saa 48 tangu alipoacha. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu ukutani, na ndugu wakasema karogwa. Usibishane nao, mpime. Anahitaji diazepamu ya kumtuliza na kuzuia degedege, vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi, na mtu wa kukaa naye usiku. Asipotibiwa anaweza kufa.

Hatari nyingine iko mlangoni, siku ya kuruhusiwa. Aliyemaliza arosto ya heroini mwili wake umeshasahau dozi kubwa. Akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kukatika. Waambie yeye na ndugu zake waziwazi, bila kumwita teja. Kutoa sumu mwilini peke yake si tiba ya uraibu, kwa hiyo asitoke kabla hajaunganishwa na methadoni. Nchini tiba hiyo ilianza Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Hapa Dodoma tuna kituo cha jirani, Itega, chini ya hospitali ya afya ya akili ya Mirembe. Ila dozi hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, hasa mwanzoni. Anayetoka Mpwapwa atalala wapi? Nauli atatoa nani? Yajadilini akiwa bado wodini.

Na chukua namba mbili za simu, yake na ya ndugu anayeishi naye. Ya kwake mara nyingi huuzwa pamoja na simu.