"Ongeza rezista mara mbili" maana yake nini?

SWALI: Ninafundisha umeme katika chuo cha ufundi. Kwenye zoezi la saketi ya kuchelewesha kuzimika kwa taa, yenye chipu ya 555 (ya kupima muda), rezista ya kilo-omu 100 na kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) ya mikrofaradi 100, niliandika: "Ongeza rezista mara mbili." Mwanafunzi mmoja alipata takriban sekunde 22, mwingine 33, na wa tatu 5.5 tu. Je, wamekosea wao au imekosea sentensi?

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wote watatu wametii sentensi uliyowaandikia, na hapo ndipo penye tatizo.

Kitenzi "ongeza" kina maana ya kutia kingine juu ya kilichopo, na pia kukifanya kilichopo kizidi. Anayeongeza chumvi kwenye mchuzi anayafanya yote mawili kwa pamoja, ndiyo maana hatuzoei kuzitenganisha maana hizo. Katika saketi zinaachana, hata kupingana. Muda wa saketi yako ni 1.1 mara ukinzani (kiasi ambacho rezista huzuia mkondo wa umeme) mara uwezo wa kapasita, yaani sekunde 11. Aliyetia rezista ya pili ya kilo-omu 100 kwa mfululizo, yaani moja baada ya nyingine, alifikisha kilo-omu 200, na muda ukawa maradufu kama ulivyokusudia. Aliyeiunganisha sambamba na ya kwanza naye ameongeza rezista, ila ukinzani umeshuka hadi kilo-omu 50 na muda ukapungua kwa nusu.

Yule wa sekunde 33 ameponzwa na "mara mbili". Ameelewa kwamba ongezeko lenyewe ndilo liwe mara mbili ya kiasi cha awali, akajumlisha 200 kwenye 100. Siwezi kusema amekosea, kwa sababu Kiswahili kinaruhusu usomaji huo sawasawa na ule wako.

Katika maelezo ya kiufundi, kwa hiyo, rezista ni kifaa na ukinzani ni kiasi. Kifaa hutiwa, hutolewa au hubadilishwa, na kiasi ndicho huongezwa au hupunguzwa. Kisha chunga sana "kwa" na "hadi", kwani kuongeza ukinzani kwa kilo-omu 120 na kuuongeza hadi kilo-omu 120 ni maagizo mawili yaliyo mbalimbali kabisa. Hata "rezista kubwa" ningeiepuka, maana ukubwa wa umbo huhusu wati inazohimili, si ukinzani wake.

Kwa kuwa katika orodha ya thamani 12 za kawaida za rezista baada ya 180 hufuata 220, na 200 haimo, ningeandika hivi: "Toa rezista ya kilo-omu 100 (mistari ya rangi: kahawia, nyeusi, njano), uweke mahali pake ya kilo-omu 220 (nyekundu, nyekundu, njano), ili muda uongezeke kutoka sekunde 11 hadi takriban sekunde 24."