Keki iliyonirudishia dipoziti

Nilipohama mtaa wa Umoja, Nairobi, mwenye nyumba alizunguka vyumba kwa dakika tano kisha akaniambia dipoziti yangu, shilingi 18,000, imeishia kwa rangi na sinki jipya. Sinki lenyewe nililikuta na ufa! Lakini siku ya kuingia nani ana akili ya kupiga sinki picha? Mimi nilikuwa nawaza mapazia.

Kilichoniokoa ni keki. Wiki ile ya kwanza mpwa wangu alitimiza mwaka mmoja, tukapiga picha jikoni. Ukiikuza, nyuma ya keki unauona ufa, mwembamba kama unywele, ukishuka kutoka kwenye bomba hadi kwenye tundu la maji. Tarehe bado imo ndani ya picha. Nakala aliyonitumia dada kwa WhatsApp haikuwa nayo. Picha ikipitia huko hupoteza tarehe yake. Tunza ile iliyo kwenye simu iliyopiga.

Leo ningehama, ningechukua video kabla godoro halijapita mlangoni: kuta, vitasa, choo kikimwaga maji, namba za mita ya stima. Halafu meseji kwa keateka, yule msimamizi wa nyumba, siku hiyohiyo, kwa upole: "Nimekuta sinki lina ufa, nakujulisha tu." Akijibu "sawa," hiyo "sawa" ni dhahabu.

Risiti ya dipoziti nilikuwa nimeipoteza kitambo. Nikapiga *334#, nikaomba taarifa ya M-Pesa; malipo yakatokea na jina la mwenye nyumba na tarehe. Uliyempa keateka pesa mkononi bila karatasi, pole sana.

Kuna baraza la kodi za nyumba, ila sheria yake inahusu nyumba zenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Ukiipata Umoja niite. Sisi wengine ni Mahakama ya Madai Madogo: madai hadi shilingi milioni 1, wakili si lazima, na kesi inatakiwa kuisha ndani ya siku 60. Ukichapisha picha na meseji, ambatisha cheti cha ushahidi wa kielektroniki, karatasi uliyotia sahihi ikieleza simu iliyotumika na jinsi zilivyochapishwa.

Mimi sikufika huko. Nilimpelekea mwenye nyumba barua ya madai, picha na taarifa ya M-Pesa, nikampa siku 14. Siku ya tisa ziliingia 15,000. Zile 3,000 za rangi nilimwachia. Misumari ukutani niliipigilia mimi.