Kabla ya turbo, fungua boneti tuone kuna injini gani

Swali la wiki lilikuwa hili: mtu ana gari la michezo la zamani, ni zima ila halina turbo, ile pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kusukumia injini hewa zaidi. Je, alifungie turbo au aliuze anunue jipya?

Mimi nauza vipuri vya mtumba vya magari ya Kijapani hapa Lubumbashi, Kongo, kwenye komini (kata ya mji) inayoitwa Kenya. Ningejali mfuko wangu tu, ningewaambia nyote fungeni turbo, tena leo. Anayefunga turbo harudi dukani mara moja. Kwanza anakuja kununua turbo yenyewe, halafu plagi, halafu gasketi ya silinda hedi, halafu klachi, na mwisho anakuja jioni, watu wamepungua, kuulizia injini nzima. Kwa hiyo jibu langu linaniharibia biashara: wengi wenu msifunge. Wala msikimbilie jipya. Pesa hiyo hiyo itafutieni gari, au injini, iliyotoka kiwandani ikiwa na turbo yake.

Nitachukua Altezza kama mfano, maana ndiyo ninayoulizwa kila siku. Toyota ilianza kuitengeneza 1998 ikaacha 2005, na huko Japani gari hilo likachukua tuzo ya gari la mwaka msimu wa 1998–1999. Vijana wa hapa wanaipenda kwa sababu inasukuma kwa magurudumu ya nyuma, na kwa ile dashibodi yake yenye vipimo vidogo ndani ya kipimo kikubwa. Ila kuna Altezza mbili. RS200 ina injini ya 3S-GE, silinda nne, lita 2, nguvu za farasi 210 kwa ile ya gia za mkono. AS200 ina 1G-FE, silinda sita, lita 2 zile zile, farasi 160.

Kuna kijana alinijia hivi karibuni, akaniita Yaya, yaani mkubwa wake.

“Yaya, nina RS200. Nitafutie turbo nzuri.”

“Fungua boneti kwanza, mdogo wangu.”

Tukafungua. Silinda sita zimejipanga foleni.

“Hii ni AS200.”

“Lakini nyuma imeandikwa RS200!”

“Zile herufi zinauzwa. Hata mimi ninazo, unataka nyingine?”

Alicheka, lakini alikuwa amebakiza kidogo tu alipie manifoldi, yaani mabomba ya kuungia turbo, ya injini nyingine kabisa. Ndiyo maana naanzia kwenye boneti.

Haya, tuseme ni RS200 ya kweli. Jambo la kwanza la kuangalia ni uwiano wa mgandamizo, yaani pistoni inabana hewa na petroli kwa kiasi gani kabla cheche haijawaka. Kwenye hiyo 3S-GE ya gia za mkono ni 11.5 kwa 1. Ni mkubwa, na umechangia sana zile farasi 210 kupatikana bila turbo. Ndiyo maana pia kule Japani gari hili hunyweshwa petroli ya oktani ya juu, yaani isiyojiwasha ovyo ikibanwa. Sasa ukiongeza turbo, hewa inaingia ikiwa imeshabanwa na imeshapata joto, halafu pistoni inaibana tena. Petroli inajiwasha yenyewe kabla ya wakati wake, na injini inaanza kugonga. Unasikia mlio kama wa misumari ndani ya kopo. Pistoni ikichoka, mara nyingi hukatikia ule ukingo mwembamba ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili. Ninayo moja kwenye kaunta, naitumia kukandamizia risiti zisipeperuke. Imemeguka upande mmoja, na pale ilipomeguka alumini imelainika kwa moto hadi kingo zimekuwa za mviringo. Aliyeileta alitaka nimtafutie inayofanana nayo.

Na tunaongelea petroli gani hapa? Esansi ya kwetu, hata mwenye pampu hawezi kukuapia oktani yake, sembuse ile ya kidumu unayonunua kwa Wakadhafi, wale wauza petroli wa pembeni ya barabara, siku vituo vimekauka.

Tazameni waliotengeneza injini hiyo walifanya nini walipotaka turbo. Toyota ilikuwa na ndugu yake wa ukoo ule ule, 3S-GTE. Kwenye MR2 ya turbo ya miaka ya 1990 walishusha mgandamizo hadi kufikia 8.5, wakaweka vinozeli vya kurushia oili pistoni kutoka chini ili zipoe. Baadaye, kwenye Caldina GT-T, waliuweka 9.0 na kupata farasi 260. Caldina! Gari la kubebea watoto na magunia ya unga. Hawakuchukua injini ya 11.5 wakaining'inizia turbo pembeni, na wao wana wahandisi, petroli safi na maabara.

Mtu atasema nawanyima haki wapenda turbo, kwa hiyo niwape hoja yao kubwa, ambayo hata wao hawaitaji. Lubumbashi iko mita 1,200 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ina mgandamizo wa kama asilimia 87 tu ya ule wa pwani. Injini isiyo na turbo inapumua hewa iliyopo, basi, kwa hiyo zile farasi 210 za Japani hapa zinabaki kama 180 na kidogo. Madereva wanaoshusha magari kutoka Dar es Salaam husema gari lilikuwa na nguvu bandarini, likachoka njiani. Halikuchoka, limepanda. Turbo inarudisha hewa hiyo na kuongeza nyingine juu yake. Kwa mtu wa Lubumbashi, au wa Goma na Bukavu walio juu zaidi yetu, turbo ina maana kuliko kwa mtu wa Mombasa. Hapo nakubali kabisa.

Ila haifanyi hivyo bure. Ukitaka presha ya nusu bar juu ya hewa ya kawaida, pwani turbo inatoka kwenye 1 kwenda 1.5. Hapa inatoka kwenye 0.87 kwenda 1.37, na ukigawanya utaona inalazimika kubana zaidi kuliko pwani, kwa hiyo inazunguka kasi zaidi na hewa inatoka na joto zaidi. Mwezi wa Oktoba, mvua haijashika, hewa inayofika mbele ya rejeta tayari ni ya moto. Intakula, yaani kipoza hewa ya turbo, ikiwa ndogo ya mtumba na imefungwa nyuma ya bampa isiyo na matundu haisaidii kitu.

Halafu vumbi. Kuanzia Mei hadi mvua zirudi, vumbi jekundu la Katanga linaingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Vijana wanapenda kutoa boksi la filta la kiwandani na kuweka filta ya wazi ili turbo isikike ikivuta. Nimeshika mkononi magurudumu ya turbo za namna hiyo. Ncha za pezi, ambazo zinatakiwa kuwa kali kama zilivyochongwa, zinakuwa zimelika, na pezi zenyewe zina ukungu wa mikwaruzo midogo. Turbo bado inazunguka, bado inapiga mluzi, lakini presha haifiki. Mwenye gari anamlaumu fundi.

Na sasa fundi, ambaye kwangu ndiye jibu lenyewe zaidi ya pistoni na vumbi.

Mji huu una mafundi wa turbo hodari sana, msidanganyike. Malori ya madini yanapita hapa usiku na mchana yakienda Kasumbalesa mpakani na Zambia, Land Cruiser za migodi ziko kila kona, na watu wa Katuba na Ruashi wanafungua turbo na kuirudisha wakiwa wanapiga soga. Lakini hizo ni turbo za mazuti, yaani dizeli. Injini ya mazuti ukiipa hewa nyingi kuliko mafuta yake, haina neno, tena inafanya kazi ikiwa imepoa. Haina cheche ya kupangiwa wakati. Injini ya esansi iko kinyume. Hewa ikiongezeka na petroli isiongezeke kwa kadiri yake, moto unapanda, inaanza kugonga, na pistoni inayeyuka. Kwa hiyo fundi anayekuambia “turbo ni turbo tu, Papa, mimi nimefunga nyingi” anasema ukweli kuhusu malori.

Turbo ya esansi inataka mtu wa kompyuta: wa kuingia kwenye kompyuta ya injini au kuweka nyingine, kubadilisha nozeli na pampu ya petroli, kurudisha nyuma wakati wa cheche, na kukaa na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye ekzosi huku gari likivuta mzigo, si likiwa limesimama linanguruma. Kama unamjua mtu huyo, na yuko tayari kurudi Oktoba kupima tena kwenye joto, basi nusu ya maneno yangu ya juu yanakuhusu kidogo. Kama humjui, hata ukipewa turbo ya zawadi usiifunge.

Kuhusu kununua jipya nitakuwa mfupi, maana wanaoweza ni wachache na hawahitaji ushauri wangu. Gari jipya la aina hii ni Toyota GR86 iliyotoka 2021: lita 2.4, farasi 235 kwa toleo la Japani, bila turbo. Hilo lenyewe linafundisha. Ile 86 ya kwanza ya 2012 ilikuwa na lita 2 na farasi 200, na watu walipiga kelele miaka yote wakitaka turbo. Toyota na Subaru hawakuwapa. Walipanua injini, mgandamizo wakauacha 12.5. Ni gari zuri. Ila liko sentimita 13 tu kutoka ardhini, lina nozeli zinazorusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa na hazisamehe uchafu wa kidumu, na likiharibika sensa moja utaisubiri itoke nje. Altezza ikiharibika unakuja kwangu.

Wengine kwa “jipya” wanamaanisha lililopungua umri tu, lililotumika Japani kisha likaja kwa njia ya Dar es Salaam na Zambia, karibu kilomita 2,000 za barabara. Hapo tunaelewana. Kwa pesa ya Altezza yako ukiiuza ikiwa nzima, ukiongeza ile uliyotenga kwa turbo na matatizo yake, unakaribia gari lililozaliwa na turbo. Usukani utakuwa kulia na sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini hata Altezza yako ni hivyo hivyo.

Asiyetaka kuachana na gari lake nampa njia nyingine: atafute injini kamili ya turbo ya kiwandani, pamoja na kompyuta yake, waya zake, pampu na kila sensa. Usikubali injini tupu iliyokatwa waya. Waya uliokatwa utakusumbua kuliko injini yenyewe. Na kumbuka giaboksi. Ile ya gia sita ya RS200, J160 ya Aisin, ni ya ukoo mmoja na iliyowekwa kwenye Nissan Silvia S15, na wenye S15 za turbo wanajua inavyolia ukiikaza. Mwenye RS200 aliyefikia farasi 300 aweke akiba ya giaboksi.

Na kabla ya yote hayo, breki. Barabara ya kwenda Likasi ni kilomita 120, na mbele yako kuna lori la tani nyingi linalotanda katikati kukwepa shimo. Kila mmoja anayekuja kwangu anauliza farasi. Wa diski za mbele na mpira mpya wa breki ni mmoja mmoja, na mara nyingi ni wenye mvi.

Najua hata baada ya kusoma yote hapa kuna mtu kesho atakuja kuulizia turbo ya mtumba. Karibu. Toa bomba la hewa, shika shafti kwa vidole viwili. Kuchezacheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida. Ikicheza hadi pezi ziguse ukuta wa nyumba yake, au ukiivuta mbele na nyuma ikaenda, au ukikuta oili mbichi upande wa hewa, mrudishie mwenyewe hapo hapo, hata kama mwenyewe ni mimi.