Mbona hatuoni sumaku ikielea juu ya hidridi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia kidato cha sita, niko Moshi. Niliwaonyesha wanafunzi video ya sumaku inayoelea juu ya kisahani cheusi kilichomiminiwa nitrojeni kimiminika. Kijana mmoja akauliza: tunasikia kuna vitu vikigandamizwa sana vinakuwa supakondakta, yaani vinapitisha umeme bila ukinzani wowote, kwenye baridi ya friza tu, sasa mbona hakuna video ya sumaku ikielea juu yake? Na kama haielei, wanajuaje kwamba ni supakondakta kweli? Nikamwambia ngoja nikuulizie.

JIBU: Mwalimu, mpe huyo kijana hongera zake. Swali lake ndilo ambalo wanafizikia wenyewe wamegombania kwa miaka. Vitu anavyovisema ni hidridi, yaani misombo iliyojaa hidrojeni. Sumaku haielei juu yake kwa sababu kinachogandamizwa ni punje isiyoonekana kwa macho, imefungiwa katikati ya almasi mbili, na usumaku wake ukifika nje umeshafifia kabisa. Namna wanavyoupima hata hivyo, hapo ndipo penye utamu.

Kisahani chako ni oksidi ya itriamu, bariamu na shaba, iliyogunduliwa 1987. Ikishuka chini ya kelvini 93 hivi, yaani nyuzi −180 za Selsiasi, ukinzani wake wa umeme unakwisha. Lakini kukosa ukinzani hakutoshi kuitwa supakondakta. Kitu kisicho na ukinzani kingezuia mabadiliko tu: ukikipoza kikiwa tayari ndani ya uga wa sumaku (eneo ambalo nguvu yake inafika), uga huo ungebaki humo humo. Supakondakta hufanya zaidi ya hapo, huufukuza. Walther Meissner na Robert Ochsenfeld walilionyesha hilo 1933, na tangu hapo anayedai amepata supakondakta mpya huulizwa mambo mawili: ukinzani uko wapi, na sumaku inasemaje?

Mgandamizo uliingia kwa sababu atomi zikisogezwa karibu, elektroni hubadili tabia. Oksidi ya shaba yenye zebaki hufanya kazi hadi kelvini 133 hivi bila kugandamizwa; ikitiwa gigapaskali 30 (gigapaskali moja ni kama mara elfu kumi ya mgandamizo wa hewa) inafika kama 164. Kwenye misombo ya chuma kisa ni kingine: mgandamizo huua mpangilio wa kisumaku uliokuwa umezishika atomi za chuma, na usupakondakta ukapata nafasi. Hayo yanastahili barua yake yenyewe. Zinazomhusu kijana wako ni zile hidridi. Mwaka 2015 kikundi cha Mikhail Eremets kule Mainz, Ujerumani, kilitangaza hidridi ya salfa kwenye kelvini 203 ikiwa chini ya gigapaskali 155. Baadaye hidridi ya lanthanamu ikafika kama kelvini 250, ambayo ni nyuzi −23, kwenye gigapaskali 170 hivi. Friza ndiyo hiyo. Ila gigapaskali 170 ni mara milioni 1.7 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta, na unazidi ule ulioko kilomita 2,900 chini ya miguu yetu, pale kiini cha Dunia kinapoanzia.

Mgandamizo wa namna hiyo unapatikana kwenye eneo dogo mno tu. Huku Arusha vito tunavitazama kwa rangi na bei. Watafiti hao huchukua almasi mbili, wakazinoa ncha zikabaki bapa, wakazikabilisha ncha kwa ncha na kuzikaza. Sampuli inakaa katikati, kwenye kitundu cha kipande cha metali. Tuseme ina kipenyo cha milimita 0.05 na unene wa milimita 0.005. Piga hesabu na wanafunzi: uzito wake ni makumi ya nanogramu. Sasa weka sumaku nje ya almasi, milimita 2 kutoka kwenye sampuli. Umbali huo ni mara 80 ya nusu kipenyo, na athari ya kisumaku hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali. 80 kwa 80 kwa 80 ni 512,000. Kwa hiyo kinachofika nje ni kama sehemu moja katika nusu milioni. Hakuna sumaku itakayoinuliwa na hicho.

Kuna na adha ya pili, na kwa maoni yangu hii ndiyo iliyoleta ugomvi wote. Ukikitia kifaa kizima ndani ya kipimasumaku, almasi, skrubu na metali zote nazo zinatoa usumaku wao. Ni sawa na kumtafuta nzi aliyetua juu ya lori kwa kusoma mizani ya malori. Inabidi uondoe mchango wa kifaa, na njia ya kuuondoa ikiwa na walakini, jibu lote lina walakini. Mwaka 2020 jarida la Nature lilichapisha dai la usupakondakta kwenye nyuzi 15 za Selsiasi, chini ya gigapaskali 267. Dunia ikashangilia. Septemba 2022 jarida likaiondoa makala ile, kwa sababu mchango huo wa kifaa ulikuwa umeondolewa kwa njia isiyo ya kawaida ambayo makala haikuieleza. Dai jingine, la hidridi ya lutetiamu, lilitoka Machi 2023 na kuondolewa Novemba ya mwaka uleule.

Kwa hidridi ya salfa na hidridi nyingine, ushahidi umejengwa kwa njia kadhaa zisizotegemeana. Mwaka 2016 watafiti waliweka karatasi nyembamba ya bati katikati ya sampuli, wakaipiga kwa miale ya eksirei pale Grenoble, Ufaransa. Viini vya atomi za bati huitikia uga wa sumaku uliovizunguka. Kwenye baridi ya kutosha, bati likawa halioni uga uliokuwepo nje. Mwaka 2023 kikundi cha Mainz kikaja na hila ninayoipenda zaidi: unaweka uga, kisha unauzima, halafu ndipo unapima. Kifaa huitikia pale tu uga unapokuwepo, kwa hiyo ukizimwa kinanyamaza. Supakondakta ya aina hii hunasa sehemu ya uga, na mikondo yake inaendelea kuzunguka. Kilichobaki ni chake. Mwaka 2024 kikundi kingine kikaigeuza almasi yenyewe kuwa kipimo: kasoro za nitrojeni zilizopandikizwa karibu na ncha yake hung'aa zikimulikwa kwa leza, na mng'ao hubadilika kulingana na uga. Wakachora ramani ya uga ukifukuzwa na hidridi ya seriamu.

Wapo ambao hawajaridhika, mwanafizikia Jorge Hirsch wa San Diego, Marekani, akiwa wa mbele, na maswali yao juu ya mikunjo ya grafu si ya kupuuzwa. Mimi nikipima yote, naona hidridi ya salfa na ya lanthanamu zimeshavuka mtihani.

Ukipata kisahani cha oksidi ya shaba, hila ya Mainz unaweza kuifanya darasani. Kwanza kipoze kikiwa peke yake, ndipo ulete sumaku: itasukumwa. Kiache kipate joto. Sasa weka sumaku juu yake ikitenganishwa na kipande chembamba cha mbao, kipoze hivyo, toa mbao, kisha inua sumaku taratibu. Kisahani kikiwa kizuri kitainuka nacho, kikining'inia hewani bila kugusana na sumaku. Huo ndio uga ulionaswa. Nitrojeni ulizia Usa River, kituo cha uhimilishaji, maana ndimo wanamohifadhia mbegu za madume ya ng'ombe. Madirisha yawe wazi, kila mtu avae miwani na glavu, na mtungi usifungwe kwa kizibo cha kubana: nitrojeni ikichemka humo ndani inaupasua.